Saa 11 kati ya zamu ya jioni na ya asubuhi: je, hayo ni mapumziko ya kutosha?

Mpanga Zamu (Dar es Salaam)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watu wazima katika hospitali binafsi hapa jijini, na miongoni mwa majukumu yangu ni kupanga rosta ya kila mwezi. Ninaomba maoni ya wenye ujuzi wa sheria na wa afya, kwa sababu suala hili limeanza kuleta mvutano wodini.

Mzunguko wetu ni wa siku tano. Muuguzi anaanza na zamu ya jioni, inayoanza saa nane na nusu mchana hadi saa mbili na nusu usiku. Kesho yake anaingia zamu ya asubuhi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa alasiri. Siku ya tatu anaingia usiku, saa mbili, na kutoka saa mbili asubuhi ya siku ya nne. Baada ya hapo anapumzika mpaka siku ya sita, anapoanza tena na jioni. Kwa hesabu hiyo, kati ya jioni na asubuhi kuna saa 11.

Kwenye karatasi saa hizo zinaonekana nyingi. Hata hivyo, kukabidhiana wodi hakuishi kwa wakati, na mtu mara nyingi anatoka getini saa tatu. Wengi wetu tunaishi mbali: Chanika, Mbagala, Kibaha. Anayefika nyumbani saa nne na nusu, akaoga, akala na kuwatazama watoto, analala saa tano na nusu, kisha anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili awahi gari. Huo ni usingizi wa saa tano ikiwa kila kitu kimekwenda vizuri. Nimeona kwamba asubuhi hiyo ndiyo yenye makosa mengi ya kuandika dozi na malalamiko mengi ya maumivu ya kichwa, ingawa sina takwimu za kuthibitisha kuwa chanzo ni hicho.

Maswali yangu ni mawili. Je, sheria ya Tanzania inasema nini kuhusu muda wa mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine? Na je, kwa upande wa afya, tofauti ya saa moja au mbili ina uzito wowote, au ni jambo ambalo mwili hulizoea?

Afisa Utumishi

Ndugu Mpanga Zamu, nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine la pili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 24, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya kila siku yasiyopungua saa 12 mfululizo, kuanzia anapomaliza kazi hadi anapoianza tena. Inamtaka pia ampe mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24. Kwa hiyo rosta yenu, hata kabla hatujahesabu foleni ya barabara ya Kilwa, imepungukiwa na saa moja. Muda wa kukabidhiana wodi nao ni muda wa kazi, kwa hiyo anayetoka saa tatu na kurudi saa moja na nusu amepata saa kumi na nusu tu.

Najua waajiri wengi watasema kwamba sheria inaruhusu kupunguza hadi saa 8. Ni kweli, lakini wengi huishia katikati ya sentensi. Kifungu hichohicho kinataka makubaliano ya maandishi, na pia saa za kawaida za kazi ziwe zimekatwa na mapumziko yasiyopungua saa tatu katikati, kama inavyotokea kwa mpishi wa hoteli anayeandaa chakula cha mchana, akaondoka, akarudi kwa cha usiku. La sivyo, mfanyakazi awe anaishi ndani ya eneo la kazi. Muuguzi anayefanya zamu ya jioni bila kukatizwa na anayelala Chanika hayumo katika hali yoyote kati ya hizo, hata akiwa ametia saini karatasi kumi.

Msamaha wa dharura upo pia, ila kwa maoni yangu upungufu wa wauguzi unaojulikana tangu mwezi uliopita hauwezi kuitwa dharura. Na kwa kuwa zamu yenu ya usiku ina saa 12, hakikisheni mna makubaliano ya maandishi ya wiki ya kazi iliyobanwa, yaani siku chache za kazi zenye saa nyingi zaidi, kwani siku ya kawaida ya kazi kisheria haizidi saa 9. Msisahau na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Muuguzi wa Morogoro Road

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini naomba sauti ya sisi tunaopangwa nayo isikike. Mimi pia ni muuguzi na mzunguko wetu ni kama huo, na sitaki ubadilishwe.

Sababu ni rahisi. Nikianza na jioni na kumaliza na usiku, ninatoka asubuhi ya siku ya nne na sirudi mpaka mchana wa siku ya sita. Nina nafasi ya kwenda Morogoro kumwona mama, kulala huko, na kurudi kwa basi la asubuhi bila presha. Wenzangu kadhaa hutumia muda huo kufanya kazi katika zahanati za mitaani, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi ada za shule. Usiku mmoja wa kulala kidogo ni gharama tunayoijua na tumeshaizoea. Mkitutetea, tafadhali msije mkatunyang'anya ofu zetu kwa jina la afya zetu.

Ninaongeza jambo moja. Rosta zikibadilishwa na viongozi bila kutuuliza, huwa zinabadilishwa kwa namna inayowafaa wao. Tumeliona hilo mara nyingi.

Tabibu Kazini

Ninafanya kazi katika fani ya afya mahali pa kazi, na nimefurahi kwamba dada wa Morogoro Road amezungumza kabla yangu, kwa sababu hoja yake ni ya kweli na inatajwa hata na wauguzi wa Ulaya: wengi huzikubali zamu zilizobanana kwa hiari, ili wapate siku nyingi mfululizo nyumbani. Tatizo ni kwamba kuridhika na ratiba na kupona uchovu ni mambo mawili tofauti.

Watafiti wa Norway, Sweden na Denmark wamechunguza kwa miaka mingi hali hii hasa ya kutoka jioni na kurudi asubuhi, wakichukua saa 11 kuwa mpaka, kwa kuwa ndicho kiwango cha chini katika Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu saa za kazi. Matokeo yanayojirudia katika takriban tafiti zote ni usingizi mfupi, kusinzia siku inayofuata, na uchovu. Katika utafiti mmoja wa Norway, wauguzi waliokuwa na marejeo mengi ya aina hiyo kwa mwaka, yaani kurudi kazini baada ya mapumziko mafupi, walikuwa na siku nyingi zaidi za ruhusa ya ugonjwa mwaka uliofuata. Denmark ilionekana kwamba wafanyakazi wa hospitali wanapata majeraha kazini zaidi wanaporudi baada ya mapumziko mafupi kama hayo, na kwa muuguzi majeraha ni pamoja na kujichoma sindano iliyotumika. Kuhusu moyo na shinikizo la damu, ushahidi unaohusu mapumziko mafupi peke yake bado ni hafifu, na si vema kuwatisha watu nao.

Kwa nini jioni kuelekea asubuhi ndiyo mbaya kuliko mengine? Mtu akitoka kazini saa tatu usiku, mwili wake bado umeamka: mapigo ya moyo hayajatulia na akili inaendelea kumfikiria mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Hata akijilazimisha kulala mapema, saa ya ndani ya mwili hupinga, kwa sababu saa chache kabla ya muda wa kawaida wa kulala ndizo mwili unapoukataa usingizi kwa nguvu zaidi. Halafu upande wa pili kuna saa kumi na nusu alfajiri, ambapo anakatishwa usingizi wakati ungali mzito. Anayejua kwamba lazima aamke alfajiri hulala kwa wasiwasi, akiitazama simu kila mara. Ndiyo maana saa 11 za usiku huo haziwezi kulinganishwa na saa 11 zozote zile. Unatakiwa kutoa safari, chakula, maji ya kuoga, watoto na ule muda wa akili kutulia, kisha uone kilichobaki. Watu wazima wanahitaji usingizi usiopungua saa 7 kwa kawaida. Ukirudi nyuma kutoka saa 7 hizo kwa mtu anayeishi Kibaha, utakuta hata saa 12 za kisheria zinambana, na 13 au 14 ndizo zinazomfaa.

Kuhusu kuzoea: mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio ambalo watu wenye afya walilala kwa muda wa saa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14. Uwezo wao wa kuwa makini uliendelea kushuka siku hadi siku, na walio katika kundi la saa 6 waliishia sawa na watu ambao hawajalala kabisa hata usiku mzima. La kushangaza ni kwamba wao wenyewe walijiona wamesinzia kidogo tu. Kwa hiyo muuguzi anaposema amezoea, simwiti mwongo. Hisia ya uchovu kweli imezoea, ila mikono na macho havijazoea.

Na kuhusu zahanati ya pili, naomba tuwe waangalifu. Tafiti za usingizi zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hutenda kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na nusu alfajiri, akatoka zamu ya asubuhi na kuingia zahanati, anafikia kiwango hicho saa tatu na nusu usiku. Pia akijumlisha saa za sehemu zote mbili anaweza kufika 55 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika tathmini yao ya 2021, waliona kinaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 ikilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hapo hatuzungumzii tena rosta ya Mpanga Zamu peke yake. Tunazungumzia mshahara, na mshahara hautibiwi kwa rosta.

Mhudumu wa Wazee (Leeds)

Naomba niongeze kidogo kutoka Uingereza, ninakofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pamoja na Wakenya na Watanzania wengi.

Hapa kanuni za mwaka 1998 zinatoa saa 11 za mapumziko kati ya siku mbili za kazi. Wengi wetu tulipoajiriwa tulipewa fomu ya kukubali kuzidisha saa 48 kwa wiki, tukadhani tumesaini na haki ya mapumziko pia, kumbe fomu ile inahusu saa 48 tu. Mapumziko ya kila siku yanabaki palepale. Kuna mwanya kwa watu wa zamu wanapobadilisha kutoka zamu moja hadi nyingine, lakini muda uliokosekana unatakiwa ufidiwe kwa mapumziko mengine. Ninawashauri ndugu zetu wanaokuja huku waiulize nyumba yao ya kazi fidia hiyo inaandikwa wapi, kwa sababu isipoandikwa popote haitolewi.

Mpanga Zamu

Nimeyasoma majibu yote na ninashukuru. Jana nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, na ninaomba mnisahihishe.

Nimebadilisha mpangilio bila kuongeza mtu wala kupunguza zamu: muuguzi aanze na asubuhi, kesho yake jioni, siku ya tatu usiku. Katika mpangilio wa zamani, mapumziko yalikuwa saa 11 baada ya jioni, saa 29 baada ya asubuhi, na saa 54 na nusu baada ya usiku. Katika mpya yanakuwa saa 23 na nusu baada ya asubuhi, 23 na nusu tena baada ya jioni, na 47 na nusu baada ya usiku. Jumla ya mapumziko ni ileile katika mipango yote miwili, yaani saa 94 na nusu kwa kila siku tano. Hata dakika moja haikupotea wala kuongezeka.

Kinachobadilika ni kwamba ofu ndefu inapungua kwa saa 7, kwa sababu siku ya sita mtu anaanza asubuhi badala ya mchana. Sasa ninaelewa kwa nini dada wa Morogoro Road na wenzake wa wodini kwangu wanaupenda mpango wa zamani: ni ile asubuhi ya siku ya sita, inayowawezesha kulala safarini na kurudi bila haraka. Niliwasomea hesabu hii kwenye kikao cha wodi. Baadhi waliunga mkono papo hapo, hasa wenye watoto wadogo. Wengine walisema wanapendelea kulipa kwa usiku mmoja mbaya kuliko kupoteza asubuhi hiyo.

Muuguzi wa Morogoro Road

Nashukuru kwa kuileta hesabu waziwazi. Ni mara ya kwanza ninamwona kiongozi akikiri kwamba kuna kitu tunapoteza. Saa 7 hizo kwangu ni nzito. Hata hivyo, sikujua kwamba jumla ni ileile, na ninakubali kuwa kama swali ni wapi tuyaweke mapumziko, basi ni swali tofauti na lile nililokuwa nikiligombania.

Pendekezo langu ni hili: mjaribu kwa miezi michache, na katika muda huo anayetaka kusafiri aruhusiwe kubadilishana ile asubuhi ya siku ya sita na mwenzake, ilimradi mabadilishano yasimrudishe mtu yeyote kwenye jioni-asubuhi.

Tabibu Kazini

Hesabu ni sahihi, na mwelekeo huo wa kutoka asubuhi kwenda jioni kisha usiku ndio unaokubaliana zaidi na mwili, kwa kuwa kwa watu wengi saa ya ndani ina mzunguko unaozidi kidogo saa 24 na huona wepesi kuchelewa kuliko kuwahi.

Jaribuni, lakini msitarajie miujiza. Katika hospitali moja kubwa ya Bergen, Norway, vitengo vilipangwa kwa bahati nasibu: vingine vikapunguziwa marejeo ya haraka, vingine vikabaki na rosta zake za kawaida kwa miezi sita. Kukosa usingizi na kusinzia mchana vilipungua, ila kwa kiasi kidogo. Wala hiyo si sababu ya kuacha, kwa sababu mabadiliko yenu hayana gharama yoyote, na katika kazi yangu sikumbuki hatua nyingi za kulinda afya ambazo mhasibu hahitaji kuzipitisha. Andikeni kabla na baada: makosa ya dozi, waliojichoma sindano, na siku za ruhusa ya ugonjwa. Daftari la wodi linatosha.

Ule usiku wa saa 12 unabaki kuwa sehemu ngumu ya mzunguko. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na ndiyo maana ninapendelea usiku mmoja mmoja kama wenu kuliko usiku saba mfululizo. Ila anayetoka usiku alale asubuhi ileile kabla ya kwenda kokote, na hasa kabla ya kuendesha pikipiki.

Mpanga Zamu

Nimeyapokea yote mawili, la daftari na la kubadilishana. Limebaki swali moja kwa Afisa Utumishi. Tuna wauguzi wanaoishi katika nyumba za watumishi ndani ya uzio wa hospitali, hatua chache kutoka wodini, na wawili kati yao wameniomba waendelee na mpango wa zamani. Je, ninaweza kuwaruhusu?

Afisa Utumishi

Hao wamo katika hali niliyoitaja mwanzo. Kwa anayeishi katika eneo la kazi, mapumziko ya kila siku yanaweza kushuka hadi saa 8, kwa hiyo saa 11 zao ni halali zikiwa zimeandikwa. Mwandikie kila mmoja makubaliano yake peke yake, yasiwe karatasi moja ya wodi nzima, na uweke tarehe ya kuyapitia upya. Andika pia kwamba siku atakapohama nyumba hiyo makubaliano yanakoma, maana nimeona watu wanahamia Kibaha na karatasi ya zamani inaendelea kutumika. Na kwa kuwa wako karibu, mlinzi asitumwe kuwagongea mlango usiku kila mara wodi inapopungukiwa. Wakiitwa kazini katikati ya mapumziko hayo, hesabu ya saa inaanza upya.